Mtoto kanyamaza kabla ya opareshini, anaogopa au katulia?

Wengi wetu tunaamini mtoto anayeogopa lazima alie, asiyelia basi yuko poa. Ndo maana mi naviunga mkono vipimo vya woga, japo vina kasoro zake. Kinachotumika sana kwa watoto wanaosubiri nusukaputi kinaitwa mYPAS, kilitolewa 1997 na daktari wa usingizi Zeev Kain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani. Mtoto haulizwi kitu, anaangaliwa tu, anachezacheza au kaganda, sauti, uso, anavyoshtuka na anavyomng'ang'ania mzazi, alama zinaanzia 23.33 hadi 100, akizidi 30 anahesabiwa ana woga.

Sasa cheki kipengele cha sauti. Kina ngazi 6, anayeongea na kucheka yuko ya 1, anayepiga kelele bila kukoma yuko ya 6, na yule aliyekaa kimya kabisa, ukimsemesha hajibu, yuko ya 3. Yaani yule dogo kashika khanga ya mama yake macho chini, ambaye sisi tunamsifia "jasiri huyu, hana shida", fomu inamwona anaogopa. Hapo kipimo kimetuzidi.

Ila sasa kimya hichohicho kinaweza kuwa adabu tu, mtoto kalelewa asijibizane na wakubwa, tena mtu hamjui. Fomu haitofautishi. Na pale ambapo mama anaachwa mlangoni, kipengele cha mzazi utakijaza vipi? Toleo fupi la 2014 lilikiondoa kabisa.

Wengine wanasema aulizwe mtoto mwenyewe. Sawa, lakini dodoso la woga wa watoto la mwanasaikolojia Spielberger la 1973 lina maswali 20 ya anavyojisikia muda huo tu, mtoto wa miaka 4 ana njaa maana kakatazwa kula, atajibu nini? Picha za nyuso, kutoka iliyotulia hadi yenye woga, aoneshe kwa kidole ipi ni yake, hapo nakubali.

Kinachoniuma ni alama kuandikwa 60 halafu mtoto anaingizwa vilevile, wakati woga huu unaendana na kuamka akiweweseka na kusumbuka usingizi hata akisharudi nyumbani. Nesi amuulize mama kwanza, "huwa yuko hivi akiona wageni?" Akiambiwa hapana, nyumbani ni muongeaji, basi mtoto apewe ile barakoa ya kuvutia dawa ya usingizi aishike, aipulizie, ajiwekee mwenyewe usoni, na akiwa bado kaganda mtaalamu wa usingizi aambiwe mapema aamue kama midazolamu, dawa ya kutuliza woga, inahitajika, maana ile ya kunywa inataka muda kidogo ndo ifanye kazi.