Baindingi nyepesi za skii: gramu zipi zina maana na zipi ni mbwembwe

Mnaoishi huku karibu na Alps huu ubishi mnaujua, msimu ukikaribia watu wanaanza kushindana gramu, huyu baindingi yake gramu 150 yule 300, na anayekuja na ya gramu 900 anaonekana mshamba. Kwa ambao hawajaingia huko, skii ya kupandia mlima haina mambo ya lifti ya kukufikisha juu, unabandika ngozi chini ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, isirudi nyuma, kisigino kinakuwa huru unatembea, ukifika juu unabandua ngozi, unafunga kisigino, unateremka. Baindingi ndo inashika buti kwenye skii, na ndo hiyo hiyo inatakiwa ikuachie ukianguka kabla mfupa wa muundi haujaenda.

Watu wa wepesi hoja wanazo, nisiwanyime haki yao. Miaka ya 1980 Fritz Barthel wa Austria alibuni mfumo wa pini, 2 mbele zinabana kwenye vitundu vya chuma vya buti, 2 nyuma, na tangu hapo hakuna ulazima wa kunyanyua fremu nzima, lile bati refu linaloinuka pamoja na buti, kila hatua. Zile za fremu nyingi zinakaribia kilo kwa mguu au zinapita. Piga hesabu, ukiokoa gramu 600 kila mguu, ukapiga hatua 3000 kwa kila mguu, hizo ni tani 3.6 ambazo hukuzinyanyua! Na aliyechoka ndo anaanguka, kwa hiyo wepesi nao ni usalama, hili wabishi wa upande wa pili huwa wanalisahau.

Sasa shida iko hapa. Baindingi ya kawaida ya kwenye lifti inaachia buti kwa pembeni pale mbele, hizi za pini nyingi zinategemea kisigino kizunguke, na ule mbano wa mbele mara nyingi huwezi kuurekebisha. Wakati wa kupanda unavuta wenzo wa mbele unaifunga kabisa, maana yake poromoko la theluji likikukuta hapo skii inaweza isitoke na inakuvuta chini. Wapo wanaoteremka nayo imefungwa hivyo hivyo wakiogopa itaachia vibaya, mimi hao siwaelewi, labda kama chini yako kuna korongo na kupoteza skii ndo mwisho wako, lakini kwenye mteremko wa kawaida unautafutia mguu ubaya bure.

Zile za gramu 150 ni za watu wa mbio za skii za kupandia mlima, mchezo wenyewe umefika mpaka Olimpiki ya Milano Cortina 2026. Nyingi hazina breki, vile vijiti vya kuzuia skii isikimbie ikikutoka mguuni, na baadhi nguvu ya kuachia huibadilishi mpaka ubadili springi yenyewe. Upande wa pili kuna Salomon Shift ya 2018, inapanda kwa pini inateremka kama ya kawaida, karibu gramu 900, nzuri kwa anayeshinda kwenye lifti na kutoka nje ya njia mara moja moja, ila kwa anayepanda mita 1000 kila wikiendi ni adhabu.

Mimi nasimama kwenye gramu 300 hadi 400, yenye breki, na kisigino unachoweza kurekebisha kote, kuachia pembeni na kuachia mbele. Kushuka toka kilo hadi hapo paja linasikia kabisa. Kushuka tena hadi 150 unaokoa gramu 200, glasi ya maji hiyo, halafu unalipa kwa breki na marekebisho, biashara gani hiyo?

Ila hata ukichukua hiyo ya kati, barafu ikijaa chini ya mbawa za mbele, ile mikono inayobeba pini, pini zinakaa nusu na kwa macho utaona imeshika. Chokonoa kwa ncha ya fimbo, ingiza buti, pandisha na shusha kisigino mara kadhaa kabla hujafunga. Na namba za kuachia aweke fundi kwa uzito wako, urefu wako na soli ya buti lako, usikopi za rafiki.