Mhadhiri hafiki tena maktaba, lakini bado anamhitaji mkutubi

Wanaotaka bajeti za maktaba za vyuo vikuu zipunguzwe wana hoja. Mhadhiri wa leo huanzia Google Scholar. Makala ikiwa imefungwa kwa malipo, anamwomba mwenzake aliye ng'ambo au anaichota Sci-Hub, tovuti inayotoa makala za kulipia bila idhini ya wachapishaji, na muhula unaisha hajakanyaga maktaba. Majarida yanalipiwa kwa dola, na baadhi ya hifadhidata hazina wa kuzifungua. Tena wapo wakutubi wanaodhani kazi yao ni kulinda rafu. Mkuu wa chuo akiuliza fedha hizo zinaleta nini, ajibiwe.

Ila swali hilo hudhani kwamba shida ya mhadhiri ni kupata makala. Shida kubwa siku hizi inamsubiri pale anapotaka kuchapisha yake.

Tazama barua pepe ya jarida la kitapeli inayomfikia mhadhiri msaidizi anayesubiri kupandishwa cheo. Inamwita profesa mashuhuri, inaahidi majibu ndani ya siku tatu, na ada inakuja kutajwa makala ikishakubaliwa. Tovuti ina namba ya ISSN, kipimo cha athari (impact factor) kilichobuniwa na safu ndefu ya wahariri. Kwa macho ya haraka, hakuna kilichopungua.

Mkutubi anayeijua kazi yake haridhiki na ISSN, kwa kuwa namba hiyo hulitambulisha jarida tu, haipimi ubora wake. Anamfuatilia mhariri hadi kwenye ukurasa wa chuo chake aone kama naye analitaja jarida hilo. Anabofya DOI, yaani viungo vya kudumu vya makala, za toleo lililopita aone kama zinafunguka. Anaangalia DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure yaliyohakikiwa, lakini kwa tahadhari: mwaka 2016 orodha hiyo iliondoa majarida yapatayo 3,300, mengi kwa sababu tu hayakuwasilisha upya maombi. Kukosekana humo si ushahidi wa utapeli. Hata Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver aliyelivalia njuga suala hili, orodha yake ya majarida ya kutiliwa shaka ililaumiwa kwa kuyaonea majarida halali ya nchi maskini kabla ya kuondolewa mtandaoni Januari 2017. Ndiyo maana anahitajika mtu wa kupima, si orodha peke yake.

Na hasara ya kuchapisha kwenye jarida la kitapeli hairudi. Ada ikipotea inauma, lakini kinachoniumiza zaidi ni data. Mtu ametumia misimu miwili akipima mashamba ya wakulima, kisha matokeo yanaishia kwenye tovuti ambayo mwakani huenda isiwepo. Jarida la heshima halitayapokea tena, kwa sababu yalishachapishwa. Kamati ya kupandisha vyeo nayo ikilikataa jarida lile, mhadhiri anaanza upya, na wakulima waliojibu maswali yake hawana walichopata.

Upande wa kusoma nao si salama kama unavyodhaniwa. Vyuo vya Tanzania hupata majarida mengi bure kupitia Research4Life, mpango wa kuzipa nchi maskini majarida ya wachapishaji wakubwa, lakini bure hiyo ina mwenyewe. Mapema mwaka 2011 wachapishaji wakubwa waliyaondoa majarida yapatayo 2,500 kwenye mpango huo kwa Bangladesh, na yakarudishwa baada ya kelele. Wanaofuatilia mabadiliko ya aina hiyo, na kujadiliana bei kwa pamoja kupitia miungano ya maktaba kama COTUL ya Tanzania na KLISC ya Kenya, ni wakutubi.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, inachukua watumiaji 2,100 kwa wakati mmoja, na ni jengo la kujivunia. Lakini mhadhiri aliye uwandani Kigoma, mwenye rasimu mkononi na barua pepe ya kutia shaka, anachohitaji ni mkutubi wa ndaki yake anayepatikana kwa simu, aliyefunzwa upya, na ambaye kamati ya utafiti inamsikiliza kabla makala haijatumwa.