Ile asilimia 20 ya kilimo hai

Mjadala wa kilimo hai haufiki mbali kabla mtu hajaitoa ile namba: asilimia 20. Ndilo pengo la mavuno kati ya shamba hai, lisilotumia mbolea wala viuatilifu vya viwandani, na shamba linalovitumia, la kwanza likiwa nyuma, na ni namba ya kweli. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2012 ulikuta pengo la kuanzia asilimia 5 hadi 34 kutegemea zao na mazingira; wa 2014 ukapata wastani wa 19. Wanaoitaja huishia hapo, na hapo ndipo naona kilimo hai kinaonewa.

Tazama jaribio la Uswisi liitwalo DOK, lililoanza 1978, ambapo mifumo yote miwili inalimwa kwenye eneo moja, udongo mmoja. Baada ya miaka 21 upande wa kilimo hai ulikuwa nyuma kwa asilimia 20. Ila mbolea na nishati iliyotumika huko ilikuwa pungufu kwa asilimia 34 hadi 53, na viuatilifu kwa asilimia 97. Yaani mkulima aliyepewa nusu au theluthi mbili tu ya pembejeo alirudi na gunia nne pale mwenzake alipopata tano. Mimi ningetaka kujua kwanza amewezaje.

Amewezeshwa na udongo. Chukua bonge kavu la ukubwa wa yai kutoka shamba lililolishwa samadi na mboji kwa miaka, ulitumbukize taratibu kwenye glasi ya maji. Litatoa viputo, kisha litatulia likiwa zima. Chukua jingine kutoka shamba linalotifuliwa kila msimu, mabua yakichomwa na ardhi ikipewa mbolea ya chumvichumvi peke yake. Dakika chache tu limeshameguka, maji yamekuwa tope. Mvua kubwa ikinyesha, shamba zima hufanya vivyo hivyo. Huko Uswisi nyungunyungu kwenye vipande vya kilimo hai walikuwa mara 1.3 hadi 3.2 ya wale wa upande wa pili, na vijishimo vyao ndivyo vinavyoyapeleka maji chini. Hakuna mizani ya mavuno inayoupima utajiri huo.

Upande wa pili una hoja nzito, nayo ni naitrojeni, kirutubisho ambacho mimea hukihitaji kwa wingi. Samadi huihamisha tu: ng'ombe alikula malisho ya mahali fulani, na rutuba ya pale ndiyo iliyokuja kwako. Huko Rothamsted, Uingereza, kwenye shamba la ngano lililoanza kufanyiwa majaribio mwaka 1843, kipande cha samadi kimeweza kwenda sambamba na vile vya mbolea za viwandani kwa miongo mingi. Lakini kinapewa tani 35 kwa hekta kila mwaka. Nani ana ng'ombe wa kutosha? Na dawa ya mrututu, inayoruhusiwa katika kilimo hai dhidi ya magonjwa ya ukungu ya mimea, ina shaba inayojilimbikiza ardhini. Hayo nayakubali bila kinyongo.

Nisichokubali ni Sri Lanka kugeuzwa hukumu dhidi ya kilimo hai. Mwaka 2021 serikali yake ilizuia uagizaji wa mbolea za kemikali karibu ghafla, mavuno ya mpunga yakaporomoka, na kufikia Novemba ikalegeza marufuku. Mkulima aliondolewa mbolea kabla ya kupewa muda wa kutengeneza mboji, kupanda mikunde na kuurudishia udongo uhai, kazi ya miaka si ya msimu.

Mikunde, inayoingiza naitrojeni ya hewani kwenye udongo ikipandwa pamoja na mazao mengine au kwa zamu nayo, ndiyo inayonirudisha kwenye ile namba. Uchambuzi uleule wa 2014 ulionyesha kwamba mashamba hai yanapochanganya mazao au kuyabadilisha kwa zamu, pengo hushuka hadi asilimia 8 au 9. Na hayo yote yamepimwa wakati mbegu nyingi za kisasa zimezalishwa na kuchaguliwa kwenye mashamba yenye mbolea ya kutosha. Mbegu iliyochaguliwa tangu mwanzo kwenye udongo wa mboji ingefunga kiasi gani cha asilimia hizo 8 au 9 zilizobaki?