Ukienda Ethiopia kula, omba ufike Jumatano

Kuna kitu kinaniudhi kwenye hizi safari za "kwenda kujionea utamaduni", na nimekifanya mwenyewe kwa hiyo siongei kama mtakatifu. Mtu anatua Addis Ababa mchana, jioni anapelekwa kwenye ukumbi mmoja hivi wa chakula cha asili, anakalishwa kwenye kigoda, wanakuja vijana wanacheza eskista, ile ngoma ya mabega, yani utafikiri mabega na shingo vimegombana, ngoma za makabila sita saba zinamalizwa ndani ya saa moja, sinia limejaa kila kitu, anapiga picha anaposti, na kesho yake anakwambia Ethiopia ameshaijua. Mi nilifanya hivyohivyo usiku wa kwanza. Vijana wanajua kucheza, sikatai, na ndo riziki yao. Ila nikiangalia meza zote zilizonizunguka ni wageni watupu kama mimi, wenyeji pale walikuwa wahudumu, wachezaji na yule mzee wa masinko, zeze la uzi mmoja.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, nikaamka na hamu ya doro wat. Huo ni mchuzi wa kuku mwekundu, mzito, una yai zima la kuchemsha ndani, nimeusikia ukisifiwa miaka na miaka. Nikaingia kigahawa cha uchochoroni, cha watu wa kawaida, nikaagiza. Dada akatikisa kichwa: tsom. Nikasema haya, lete ya ng'ombe basi. Tsom. Mayai je? Akacheka kabisa. Aisee nilinuna, nimepanda ndege mpaka huku halafu naambiwa kuku hakuna na nje nawaona kuku wanapita!

Kumbe tsom ni mfungo, hata ukiitamka polepole unaisikia saumu yetu humo ndani. Waorthodoksi wa kule wanafunga kila Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai, halafu kuna kwaresima yao ya siku 55 kabla ya Pasaka na mifungo mingine midogo midogo, ukijumlisha muumini wa kawaida anapita siku 180 kwa mwaka. Nusu ya mwaka hiyo! Sasa jiko ambalo nusu ya mwaka halina nyama wala siagi, mpishi wake atafanyaje, si lazima awe fundi wa dengu.

Na ni mafundi kweli. Dada aliniletea beyaynetu, maana yake mchanganyiko wa vitu mbalimbali, injera moja pana, ule mkate wao mwembamba laini kama chapati, imefunika sinia zima na juu yake vimafungu vya rangi rangi: dengu nyekundu zilizopikwa na berbere ile pilipili yao yenye viungo kibao, dengu za njano zilizotiwa bizari ya manjano, shiro ambayo ni unga wa mbegu za jamii ya kunde umepikwa ukawa uji mzito, sukuma wiki, kabichi na karoti, na kiazi chekundu kile cha kuacha vidole vya rangi ya damu. Nilianza kula nimenuna nikamaliza nakwangua. Ile injera ya chini iliyokuwa imelala pale inanyonya michuzi yote, hiyo ndo tamu kuliko vyote, na mgeni asiyejua anaiacha.

Injera yenyewe wengi wanaikataa siku ya kwanza kwa sababu ya uchachu. Inatokana na teff, nafaka ya punje ndogo mno, ulezi ni jitu mbele yake, unga unakorogwa unaachwa siku mbili tatu uchachuke ndo unamiminwa kwenye mitad, bamba la udongo la duara, unatoka matundu matundu kama sega la nyuki. Ushauri wangu usiile kavu ukaihukumu. Ile peke yake ni sawa na kulamba limau, ikikutana na dengu za pilipili ndo utaelewa kwa nini ipo hivyo.

Ninachotaka kusema ni kwamba wageni tunakwenda na orodha ya vyakula, kumbe tulitakiwa twende na kalenda. Kitfo kwa mfano, nyama ya ng'ombe mbichi iliyosagwa ikachanganywa na siagi ya viungo na mitmita, pilipili yao nyingine kali ya unga, naona watu wanaila mbele ya simu kama wanashindana ujasiri, macho yamewatoka. Hicho ni chakula cha heshima cha Wagurage, sikukuu yao ya Meskel mwezi wa tisa haijakamilika bila hicho. Ukikila kama kituko basi kimebaki kituko.

Halafu Mswahili Ethiopia ana bahati moja ambayo hakuna anayeitaja: saa. Wenzetu wanahesabu saa kuanzia asubuhi kama sisi, saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi. Pale nilipofikia kulikuwa na jamaa mmoja wa Ulaya kaambiwa gari linaondoka saa mbili, akaja na begi lake saa nane mchana, gari lilishafika lilikokuwa linakwenda zamani. Kalenda hapo sijaigusa, ina miezi 13 na iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane kutegemea na mwezi uliopo, mi niliiangalia ukutani nikajiona kijana.

Na kahawa. Rafiki yangu mwenyeji alinikaribisha kwao, buna tetu, njoo tunywe kahawa, nikajua ni kikombe dakika kumi nimeondoka. Sakafuni wametandaza majani mabichi, mama yake anaosha buni, anazikaanga kwenye jiko la mkaa palepale mbele yetu, zikianza kutoa moshi anakizungusha kikaango kila mtu auvutie puani, ubani unafuka pembeni, bisi kwenye bakuli, halafu kinu na mchi, halafu jebena lile birika la udongo lenye shingo ndefu. Nikanywa kikombe cha kwanza nikasimama kuaga. Kimya! Rafiki yangu akanivuta shati nikakaa. Vikombe ni vitatu, abol, tona, na cha tatu kinaitwa baraka, ndio, baraka hiyohiyo, sasa mimi nilikuwa naondoka nimeiacha baraka ya watu kwenye birika. Ilichukua karibu saa mbili na hapo ndo nikasikia habari za mtaa mzima, nani kaoa, nani anadaiwa.

Doro wat nilikuja kuila Jumapili hapohapo kwao. Vitunguu vilianza kukaangwa asubuhi bila mafuta mpaka vikalegea vikawa rojo, kuku akakatwa vipande 12 kama inavyotakiwa. Mama akakunja tonge kwenye injera, akatia na kipande cha yai, akaninyooshea mpaka mdomoni, gursha hiyo, unafungua mdomo tu hata kama tonge limeuzidi. Berbere ikanitoa machozi na kitinda mimba wao akanicheka mpaka akaanguka kwenye kochi.

Jumatano iliyofuata nikarudi kwenye kile kigahawa. Dada aliponiona mlangoni hata hakuniuliza, akaenda zake jikoni akarudi na beyaynetu.