Mlima Mgongoni, Ziwa Mbele, na Mimi Nasukuma Kabati

Wandugu, mimi sina ugomvi na Wachina. Ugomvi wangu ni na simu ya mama watoto. Tangu simu hiyo ilipomfundisha feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga nyumba ili ilete bahati, ndani ya nyumba yetu ya mbao hapa Katoyi, mtaa wa Goma, Kongo, hakuna kitu kinacholala pale kilipoamkia, na msukumaji ni mimi. Jirani, ambaye husikia kila kitu kupitia ukuta, ameniuliza kwa upole kama tunajiandaa kuhama usiku kwa sababu ya deni la nyumba.

Kesi kubwa ni kitanda. Kanuni yasema kichwa kiegemee ukuta imara, mlango uuone, lakini miguu isiuelekee, maana ndivyo maiti anavyotolewa. Hapo sibishi, na kwetu pia hutoka hivyo. Lakini njoo uone chumba chenyewe. Ukuta wa kushoto ni nusu wetu, nusu wa jirani: ukiweka kichwa pale unaota ndoto zake. Wa nyuma, bati linavuja, na mvua ya Goma haibishi hodi. Wa kulia una dirisha, na dirishani kuna vijana wanaopitisha fimbo yenye ndoano usiku wa manane na kuvua suruali yako kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Umebaki wa nne, ndio wenye mlango, nao ukapewa miguu. Basi nalala kimaiti, na kila asubuhi nikiamka mzima mama watoto ananitazama kwa mashaka.

Chini ya kitanda napo pasiwe na kitu, eti chi inakwama. Nikatoa sanduku langu la vyombo vya kazi, nikatoa diploma zangu, nikatoa radio ninayoitengeneza kidogo kidogo. Nilipofikia sanduku la vikwembe vyake, nikaambiwa niliache, kwa kuwa vitambaa vinapumua. Na lile begi tulilolifunga Mei 2021, siku zile volkano yetu, Nyiragongo, ilipotutoa majumbani, nalo halijatoka, nalo linapumua. Chi ya kwetu inazuiliwa na nyundo zangu tu.

Hiyo chi, kwa ufupi, ni nguvu ya uhai isiyoonekana, inayotakiwa kuingia mlangoni na kuzunguka nyumba polepole bila kugonga kitu. Wageni wakisikia kwamba kuna kitu angani kisichoonekana kinachoamua maisha ya mtu, wanashangaa. Mtu wa Goma ashangae nini? Huko Bulengo na njia ya Sake kuna mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hivyo inajilaza mabondeni. Mbuzi anashuka kutafuta majani, hapandi tena. Nikamwambia mama watoto kwamba sisi elimu hiyo tunayo: usilale bondeni, basi, umehitimu. Akaniambia mazuku si chi, na kwamba nimsaidie kuinua kabati.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba kwa hesabu za hao wazee wa China, mji wetu hauna kasoro. Wao wanataka mlima nyuma upande wa kaskazini ukulinde mgongo, na maji mbele upande wa kusini. Goma je? Kaskazini Nyiragongo, karibu mita 3,470. Kusini ziwa Kivu, mpaka macho yachoke. Hata mfalme wa China angetuonea wivu. Kuna mwanachuoni wao, Guo Pu, wa karne ya 4, anayesifiwa kwa kufundisha kwamba chi hutawanywa na upepo, na husimama ikikutana na maji. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliishika sehemu ya pili ya somo hilo bila kukosea: ilishuka, ikapita kwenye uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikapita kwa watu bila kuuliza kitanda chao kinaelekea wapi, ikaenda kusimama ziwani. Kwa hiyo nyuma tunalindwa na huyohuyo anayetufukuza, na sitaki kusikia tena kwamba bahati yangu inategemea kioo cha kunyolea.

(Kioo chenyewe kimetupwa. Kilikuwa na ufa, na kilikitazama kitanda. Sasa nanyoa kwa kubahatisha.)

Kisha kuna kona ya utajiri. Kwa shule ile ya Lin Yun, mwalimu wa feng shui, iliyovuma sana huko Marekani, unasimama mlangoni ukitazama ndani, na kona ya mwisho kabisa kushoto ndiyo ya mali. Tukasimama. Tukatazama. Palikuwa na gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, na bidoni za maji. Mama watoto akalia kwa aibu. Mimi nikaona hapo pekee ndipo Mchina na mimi tumeelewana, maana kwa bei ya makala ya siku hizi, mali nyingine ndani ya nyumba hii sijui ni ipi. Lakini gunia likatolewa nje, likalowa, na kona ikapewa ua kwenye kopo la maziwa. Shule ya zamani, yeye hajaifuata, kwa sababu ile inatumia dira. Dira ya simu akiiweka juu ya haya mawe yetu meusi inazunguka hovyo. Mawe ya volkano yana madini ya chuma, yanaweza kuvuta sindano. Nilifurahi sana kuona jiwe la Goma limegoma.

Mbabula, jiko letu la makala, imetolewa chumbani na haitarudi. Sababu aliyonipa ni kwamba moto unapigana na maji ya bidoni. Sababu yangu ni kwamba moshi wa makala ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Tumekubaliana bila kukubaliana.

Choo nacho! Kisitazamane na mlango wa mbele. Chetu ni cha paseli nzima, yaani kiwanja chote, na kinaitazama milango yote bila ubaguzi. Kukihamisha haiwezekani. Chini hapa ni jiwe tupu. Waliochimba walitumia nyundo na patasi, wakachoka kabla hawajafika mbali, ndiyo maana tunapanda ngazi kwenda chooni na mtaa mzima unajua nani amepanda na amekaa muda gani. Ameishia kubandika pazia.

Sasa tumefika saloni, yaani sebuleni. Fotei zetu, vile viti vikubwa, ziliingia kabla fremu ya mlango haijapigiliwa, kwa hiyo kutoka haziwezi, zinaweza kusogea tu. Tulizisogeza zote ukutani mpaka katikati pakapatikana nafasi ya wazi, chi ipite. Kweli palipendeza. Watoto walizunguka pale wakipiga kelele, na mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika ndoa hii, nilinyoosha miguu.

Lakini nafasi ya wazi Goma haikai wazi. Habari ilifika kwa shemeji kabla jasho langu halijakauka. Alikuja na motari wa pikipiki, godoro mgongoni, akasema anapita tu, anatafuta kazi. Amelitandaza palepale chi inapopita. Kichwa hakina ukuta, miguu imeelekea mlangoni, chini yake kuna viatu, na anakoroma kuliko sisi sote. Nikamwita mama watoto aje aone dhambi zote hizo kwenye godoro moja. Akasema mgeni hasukumwi.

Nimemuuliza kama hao Wachina hawana kanuni ya kumwondoa shemeji. Amesema ataitafuta, nikimnunulia mega za intaneti.