Magari ya umeme ya kampuni changa, spea tutatoa wapi?
Jamani, mnaotushawishi tununue magari ya umeme ya kampuni zilizozaliwa jana, mnatuonaje? Kampuni ya Henrik Fisker kule Marekani ilifilisika 2013. Akaanzisha nyingine, nayo chali 2024! Kampuni nyingine ya huko, Canoo, ikafuata 2025. Wenye magari waliachiwa nani?

Jirani yangu hapa Kisasa, Dodoma, ana pikipiki ya umeme, chaja imeungua, simu ya muuzaji haipatikani. Fundi wa Majengo kafungua betri, kakuta msitu wa nyaya, kafunga. Angefanya nini? Corolla kuukuu utaipatia spea mpaka Kibaigwa! Hayo ya kwenu, programu ikigoma saa nane mchana Ihumwa, tumpigie nani? Umeme wenyewe naupenda, treni ya umeme ya SGR naipanda. Ila milioni zangu za kiinua mgongo? Leteni kwanza spea na mafundi, ndipo mnitajie bei.