Fuvu la Mkwawa katika kipindi cha Kiingereza

Zoezi la ufahamu, kama linavyofundishwa katika shule nyingi za sekondari huku Nyanda za Juu Kusini, huishia pale mwanafunzi anaponakili sentensi ya kifungu na kuifanya jibu. Katika ngazi za kufikiri alizozipanga Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, kazi hiyo iko chini kabisa.

Sikubaliani na wanaosema mwanafunzi ajue lugha kwanza ndipo afundishwe kufikiri. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili hufika kidato cha kwanza akijua kuhoji na kubishana. Kilichompungukia ni msamiati wa Kiingereza.

Kwa shule za Iringa, ningependekeza kifungu cha kusoma kiwe Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Ni maneno machache, yanaenea ubaoni hata pasipokuwa na kitabu. Yanasema fuvu liliondolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani, lakini hayamtaji aliyeliondoa. Kauli ya kutendwa, ambayo tumezoea kuifundisha kwa kugeuzageuza sentensi zisizomhusu mtoto, hapa inamficha mtenda. Basi mwanafunzi aulizwe ni nani aliyefichwa na kwa faida ya nani. Kwa nini fuvu lidaiwe na Uingereza badala ya Wahehe wenyewe. Na kwa nini lilirudi mwaka 1954 tu; ndilo lililohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Kalenga, karibu na Iringa. Wapo pia wanaotilia shaka kama fuvu hilo ni la Mkwawa kweli, nalo ni swali zuri la kupima ushahidi, ingawa mwalimu aliulize kwa heshima, maana darasani hawakosekani watoto wa ukoo huo.

Mjadala wa makundi ningeuacha uanze kwa Kiswahili, kisha kila kundi liandike kwa Kiingereza hoja moja na ushahidi wake, hata kwa sentensi tatu tu, baada ya mwalimu kuwapa maneno ya kuunganishia sababu na matokeo. Najua shule nyingi zinakataza Kiswahili nje ya kipindi chake, lakini katazo hilo aghalabu huwafanya watoto wanyamaze. Kwa darasa kubwa, kusahihisha karatasi moja kwa kila kundi kunawezekana, mradi alama za hoja zitengwe na alama za sarufi.